Wamenitaka nijiunge na umoja wa wauza spea. Niingie?

Shikamoo Mama,

Naandika kutoka Kizota, hapa Dodoma. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kuuza spea za magari. Duka nilifungua mwaka 2017, wakati ule watumishi wa wizara wameanza kuhamia huku na kila wiki unaona magari mageni mjini. Nilianza na fremu moja: plagi, filta, pedi za breki na oili. Leo nina fremu mbili na kijana wa kunisaidia. Wateja wangu ni watu wa Noah, IST, Ractis, na Coaster za daladala. Nisifiche, wanaoniweka mjini ni mafundi wa gereji tatu zilizo nyuma yangu. Wao ndio wanaomwambia mwenye gari "nenda pale kwa fulani", na jioni nawatolea cha juu chao.

Mwezi uliopita walikuja watu watatu dukani na daftari. Wanaanzisha umoja wa wauza spea. Kiingilio Sh100,000, ada Sh20,000 kila mwezi. Wanasema tutakuwa tunaagiza mzigo pamoja, umoja utatutetea kwa watu wa kodi na wa jiji, utapambana na spea feki, na tutapanga bei moja kwa bidhaa zinazotembea. Atakayeuza chini ya hapo anapigwa faini. Kusema kweli hilo la bei ndilo lililonivutia, maana kuna mtu hapa anauza filta kwa bei ambayo mimi nanunulia. Sijui anakula nini.

Kinachonikwamisha ni kwamba niliwahi kuumwa. Mwaka 2019 tulikuwa na mchezo wa kupeana wafanyabiashara kumi na wawili. Ilipokaribia zamu yangu mweka hazina akahama mji, simu ikawa haipatikani, na Sh1,400,000 yangu ikaenda naye. Halafu katibu wa huu umoja mpya ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Huyu bwana ndiye aliyenichukulia fundi wangu mkubwa kwa kumwongezea cha juu. Hatusalimiani zaidi ya kunyanyua mkono. Leo nimpe laki yangu anitunzie?

Lakini Desemba kuna jambo lilinitokea ambalo bado linanikera. Nilinunua beringi 12 za gurudumu la mbele za Noah kwa mtu wa jumla Dar. Boksi la jina kubwa la Kijapani, nailoni imebana vizuri. Nikauza nne. Ndani ya wiki tatu zote nne zikarudi, zinavuma. Mmoja wa waliorudisha ni dereva wa teksi. Aliingia na beringi mkononi, imejaa grisi nyeusi, akaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja watatu, akaizungusha kwa kidole kimoja. Mama, ilikuwa inakwaruza kama imejaa mchanga. Hakusema neno. Nilimrudishia hela yake na ya fundi. Nilipompigia yule wa jumla akanijibu, "Bwana mdogo, mzigo ukishatoka dukani umetoka." Risiti aliyonipa ni ya kuandika kwa mkono.

Dar naenda mara mbili kwa mwezi kufuata mzigo, siku hizi kwa treni, nauli Sh31,000 kwenda na nyingine kurudi, bado kula, kuli na kusafirisha. Mke wangu anasema niingie, kwamba mtu mmoja hana nguvu. Mimi naona nitakuwa nachangia posho za watu. Hivi umoja kama huu unamsaidia nini hasa mwenye duka dogo?

Msomaji wako, Kizota

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma na kalamu mkononi kwa sababu ina hesabu ndani yake.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua, wewe pengine hujui: mimi mwenyewe nimesimama nyuma ya kaunta ya spea miaka kumi na minane, Morogoro kwanza, kisha hapa Majengo, mpaka magoti yalipogoma. Mwanamke kwenye spea enzi hizo mafundi walikuwa wanapita mlangoni wakiuliza, "Mwenye duka yuko wapi?" Kwa hiyo hilo la mtu kukwama na beringi mbovu nalijua kwa kulionja.

Tuanze na safari zako za Dar. Treni kwenda na kurudi ni Sh62,000. Weka chakula, bajaji na kuli, tuseme kila safari inakula Sh100,000 kabla hujalipia usafiri wa mzigo wenyewe. Mara mbili kwa mwezi ni laki mbili, na siku mbili ambazo duka liko kwa kijana peke yake, na wewe unajua fundi akikukosa anavuka barabara. Sasa wakiwa watu kumi wanaoaminiana, wanatuma wawili mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni laki nne kugawa kwa kumi, elfu arobaini kila mmoja. Umebakiza Sh160,000 kwa mwezi, na ada waliyokutajia ni Sh20,000. Hapo hatujagusa bei ya mzigo.

Na bei ya mzigo ndiko liliko jibu la yule mwenzako anayeuza filta kwa bei ya kununulia kwako. Unasema hujui anakula nini. Anakula katoni. Wewe unachukua dazeni mbili za filta ya oili kwa sababu hela yako imegawanyika kwenye pedi, bushi, shokapu na fenibelti. Yeye anachukua katoni nzima na anapewa bei ya katoni. Muuzaji wa jumla wa Kariakoo hana ugomvi na wewe, anaangalia idadi tu. Watu kumi wenye dazeni mbili mbili ni dazeni ishirini, na mwenye dazeni ishirini anakaribishwa kiti na soda. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya umoja wa biashara popote duniani, na ndiyo ambayo viongozi wengi hawaitaji sana kwa sababu haina jukwaa wala kipaza sauti.

Ndiyo maana nakukataza lile lililokuvutia. Bei moja na faini kwa anayeshusha: kimbia. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza washindani kukaa chini na kukubaliana bei. Inakataza pia kukubaliana kumsusia mtu kwa pamoja, na kupangana kwenye zabuni. Anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Sasa ninyi mnaandika kwenye daftari, mnaweka na sahihi, kwamba filta ya Noah ni bei fulani na atakayeshusha atatozwa. Mmejiandikia ushahidi wenyewe. Nunueni pamoja, kisha kila mtu arudi kwenye fremu yake aandike bei yake. Wakikuuliza kwa nini unapinga kipengele hicho, waambie kisomwe kwa mwanasheria kabla hakijasomwa kwa FCC.

Nije kwenye beringi zako.

Yule wa jumla alikujibu vile kwa sababu ulikuwa peke yako na karatasi ya mkono. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inamtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na jina alilokiuzia, kwa hiyo haki ulikuwa nayo. Ulichokosa ni mguu wa kusimamia. Risiti ya mashine ya EFD ingekuwa na jina la biashara yake, namba yake ya mlipakodi, tarehe na kiasi. Ile ya mkono haina kitu, na hata TRA wakija kukagua gharama zako hawataiangalia mara mbili. Najua kwa nini watu wanaikubali: unaambiwa "bila risiti nakupunguzia". Hesabu sasa ulipunguziwa shilingi ngapi, na ukawarudishia wateja wanne shilingi ngapi, ukijumlisha na ya mafundi.

Umoja wenye akili unafanya hivi. Unatengeneza orodha ya wauzaji wa jumla ambao wanatoa risiti ya mashine na wanakubali kwa maandishi kupokea mzigo mbovu ndani ya siku kadhaa. Mwanachama akirudishiwa beringi, anapiga picha boksi, namba ya spea na beringi yenyewe, anatuma kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Kama na wengine watatu wamerudishiwa zinazofanana, anayempigia simu si bwana mdogo tena, ni wateja kumi wanaompa mzigo wa kila wiki mbili, na kila mmoja anaweza kwenda kununua duka la pili bila kumuuliza mwenzake. Usiniambie atajibu "umetoka".

Akikaidi, jueni mlango wa kugonga, kwa sababu watu wengi wanachanganya. Kama mtu amebandika jina la kampuni nyingine kwenye bidhaa yake, huo ni ughushi wa alama, na ni kazi ya FCC. Kama bidhaa ina jina lake halali lakini iko chini ya kiwango, hao ni TBS, shirika la viwango. Beringi zako, kama boksi lile lilikuwa la kughushi, ni za mlango wa kwanza. Zilizobaki nane usiziuze, na usizitupe. Andika juu ya boksi tarehe uliyonunua na uweke mahali kijana wako hatazichukua kwa bahati mbaya. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa beringi wana programu ya simu ya kuhakiki alama zilizo kwenye boksi. Jambo la namna hiyo mtu mmoja akijifunza anawafundisha wengine tisa kwa mchana mmoja. Kwa mji wetu huu wenye vumbi kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba, ambapo hata beringi nzima inachoka mapema, huwezi kumwachia dereva wa teksi akugundulie feki.

Kuhusu kutetewa. Hapa nitakuwa mkweli: umoja wa maduka thelathini ya Dodoma hautabadilisha sheria ya kodi. Lakini uliona mambo ya Kariakoo. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa malalamiko juu ya kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaenda Mnazi Mmoja kukaa na wafanyabiashara, na kile kikosi kazi kikasimamishwa. Juni 2024 wakafunga tena. Mimi si shabiki wa kufunga maduka, anayeumia zaidi ni yule wa fremu moja anayekula cha leo leo. Ninachosema ni kwamba kwenye ule mkutano kulikuwa na watu wa kuzungumza nao, na Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania ilikuwepo. Waziri hawezi kukaa na fremu elfu kumi, fremu moja moja. Kwa kiwango chenu, mnaweza kumwomba ofisa wa TRA aje mchana mmoja awaeleze nani anapaswa kusajiliwa VAT, maana kiwango kilipandishwa kutoka mauzo ya Sh100 milioni hadi Sh200 milioni kwa mwaka tangu Julai 2023, na hadi leo nakutana na watu wa maduka wanaotishwa na vishoka kwa kiwango cha zamani. Afisa hatakuja kwa ajili yako peke yako. Kwa watu thelathini anakuja.

Halafu kuna magari ya serikali. Unayaona yanapita Kizota kila siku, mashangingi na Hilux za namba za STL na DFP, na spea zao zinanunuliwa mahali fulani. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST. Kujisajili na kusoma masharti kunamshinda mtu aliyebanwa na kaunta kutwa nzima. Mkiwa na kijana mmoja anayeujua mfumo, anawasajili wote, kisha kila mmoja anaomba zabuni yake kivyake. Kivyake, nasisitiza. Mkikaa kupangana nani aombe kwa bei gani tumerudi kwenye ile sheria ya 2003.

Nchi nyingine vyama hivi vimefika mbali zaidi. Marekani kuna chama kinaitwa Auto Care Association, na moja ya kazi zake ni kutunza mfumo wa ACES, yaani namna moja ya kuandika kwamba spea hii inaingia gari lile, la mwaka ule, injini ile, ili duka la kijijini lisiuze kitu kisichoingia. Na jimbo la Massachusetts mwaka 2012 walipiga kura kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa mitaani taarifa za kutengeneza magari. Afrika Kusini nako, Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 2021 unaomruhusu mwenye gari kwenda gereji huru bila kuogopa kupoteza dhamana ya gari. Nyuma ya mambo hayo kulikuwa na wauza spea na wenye gereji ndogo waliochanga ada miaka na miaka. Sikuambii haya ili uote Massachusetts ukiwa Kizota. Lakini magari yenye kompyuta kila kona yameshafika hapa, na siku fundi wako akishindwa kulisoma gari, na wewe hutauza spea yake.

Nimesahau kitu kidogo ambacho pengine kina faida kuliko vyote: lile kundi la WhatsApp. "Nani ana tairodi ya Ractis, kushoto?" Ndani ya dakika mbili unajua iko duka gani. Sasa hivi unafanyaje? Unamwambia mteja "kaa hapo nikuletee", kijana anakimbia duka hadi duka na jua hili la Dodoma, anarudi ameloa jasho na mteja ameshaondoka. Kwenye umoja wetu wa Majengo, ambao haukuwa na katiba wala muhuri, tulikuwa na simu moja ya mezani na mzee mmoja mwenye kumbukumbu kama stoo. Ulikuwa ukimpigia anakwambia spea iko wapi na imekaa shelfu ya ngapi. Alipofariki ndipo tulipojua tulikuwa na chama.

Basi uingie? Ndiyo, lakini usitoe shilingi mpaka umeona vitu kadhaa kwa macho yako. Uliza umesajiliwa wapi. Jumuiya ya kawaida inasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na ofisi hiyo iko hapahapa mjini, usidanganywe kwamba faili liko Dar. Kama mnataka kununua na kuweka mzigo kwa jina la umoja, jumuiya ya namna hiyo haitoshi. Hapo mzungumze na watu wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, nao makao yao ni Dodoma, au mfungue kampuni kwa wasajili wa kampuni, BRELA. Uliza akaunti ya benki ina majina ya watu wangapi wa kutia sahihi. Mmoja, geuka urudi dukani. Watatu, kaa usikilize. Hela ya mzigo isichanganywe na hela ya ada hata siku moja, na hela ya mzigo ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji kwa lipa namba au benki, isipite mfukoni mwa mtu. Yule mweka hazina wenu wa 2019 aliondoka na milioni yako kwa sababu ilikuwa inalala kwake. Hela ambayo hailali kwa mtu haihami mji.

Kisha waulize mwezi uliopita walifanya nini. Usiwaulize watafanya nini, kila mtu ana majibu ya hilo, hasa uchaguzi ukikaribia. Wakikwambia bado hawajafanya kitu, waombe mjaribu safari moja ya Kariakoo kabla ya kiingilio: watu watano, filta na pedi tu, risiti ya mashine. Mkirudi salama, toa laki yako.

Na huyo jirani katibu. Amekuchukulia fundi kwa kumwongezea cha juu, na wewe mwanangu huyo fundi ulimpata kwa njia gani? Sote tumefanya. Cha juu cha fundi kinapanda kwa sababu ninyi wawili mnashindana kukipandisha, na anayekilipa ni mwenye gari. Nawe hujaniandikia kwamba jirani yako anauza feki au ni mwizi. Umeniandikia kwamba anakushinda.

Wiki hii utapungukiwa kitu, hakuna duka la spea lisilopungukiwa. Usimtume kijana Majengo. Vuka barabara wewe mwenyewe, umuulize kama anayo na atakupa kwa shilingi ngapi. Kabla hujaondoka mwombe akuonyeshe katiba ya umoja. Kama ni katibu kweli, itakuwa chini ya kaunta.